Dumu la Maji na Magoti ya Wazee Wetu



Mwenye kuingia msikiti wowote wa mjini kwetu wakati wa Alasiri ataviona viti vimepangwa pembeni mwa safu. Zamani vilikuwa viwili au vitatu, vya wazee waliovunjika nyonga au waliopooza upande mmoja. Siku hizi ni vingi, na wanaovikalia si wagonjwa wote. Wamo watu wa miaka 62 na 65 waliofika kwa miguu yao, wakapanda ngazi za mlangoni, wakasimama wima katika takbira. Ila wanajua kwamba wakishuka kusujudu hawana hakika ya kuinuka. Ruhusa ya kuswali kwa kuketi imo katika sharia, ni rehema ya Mola kwa waja wake, na hatumlaumu hata mmoja aliyeitumia kwa udhuru wake. Tunalouliza sisi ni jingine: miongoni mwao ni wangapi ambao magoti yao yangerudi kuwabeba, lau wangefundishwa namna ya kuyarudishia nguvu?

Twaamini ni wengi, na ndiyo sababu safu ya wiki hii tumeiweka kwa ajili ya mazoezi ya nguvu kwa wazee. Hatuzungumzi na aliye kitandani. Huyo ana daktari wake na dua zetu. Twazungumza na mtu wa miaka 60, 70 au zaidi ambaye bado anakwenda sokoni mwenyewe, anahudhuria maziko na arusi, anafanya matembezi yake ya asubuhi, na anadhani kwamba matembezi hayo yametosha.

Hayatoshi. Twasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa twawaona na twawapenda. Ukipita Mama Ngina, upande wa mnara wa taa, baada ya swala ya Alfajiri, utawakuta wazee wetu wakitembea wawili wawili, kanzu na buibui zikipeperushwa na upepo wa bahari, tasbihi mkononi. Ni jambo jema mno. Kutembea kunaupa moyo kazi, kunasaidia kushusha sukari na presha, na kunaondoa dhiki ya kukaa ndani. Lakini njia tambarare haiudai mguu zaidi ya kuubeba mwili hatua moja baada ya nyingine, na msuli haukui ila kwa kile unachodaiwa. Bibi mmoja jirani yetu, mwenye miaka 71, hutembea saa nzima karibu kila siku, na wanawe humwomba apunguze mwendo. Mwaka jana alikwenda katika hitima, akaketi mkekani pamoja na wenziwe, na ilipokwisha dua akataka kuinuka. Hakuweza. Alijaribu mara mbili, akaweka mkono sakafuni, akacheka kidogo kuficha haya, kisha wajukuu wawili wakamwinua kwa makwapa mbele za watu. Moyo wake ulikuwa mzima na pumzi zake nzuri. Kilichopungua ni nguvu za mapaja, na katika matembezi yake yote hapakuwa na chochote kilichozidai nguvu hizo.

Kupungua huko kuna jina. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza neno lililotolewa katika Kiyunani, sarkopenia, maana yake ni upungufu wa nyama ya mwili. Huanza polepole baada ya miaka ya thelathini, na hushika kasi baada ya sitini. Nyuzi za msuli si za namna moja: zipo za subira, zinazotuwezesha kusimama na kutembea muda mrefu, na zipo za ghafla, zinazoinua mzigo kwa mkupuo na kuudaka mwili mguu unapoteleza. Uzee huzila zaidi hizi za ghafla. Ndiyo maana mzee aweza kutembea kilomita 4 bila ya kuhema, na bado akaanguka bafuni kwa kuteleza hatua moja. Mguu ulijua la kufanya, lakini haukuwahi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi katika hao. Sisi katika nyumba zetu twaijua habari hiyo bila ya takwimu: sakafu yenye maji, kandambili iliyochakaa, nyonga, hospitali, kisha kitanda.

Lakini msuli wa mzee ungali unaitika ukiitwa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo twapenda kila familia ilijue. Waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, watu dhaifu wenye umri wa takriban miaka 90, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, uzito wa kweli na si wa mchezo, kwa muda wa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walichapisha jaribio kubwa zaidi, la wazee 100 kwa wiki 10, na safari hii waliongeza swali: baadhi walipewa mazoezi, baadhi kinywaji cha lishe, baadhi vyote viwili, na baadhi hawakupewa chochote katika hivyo. Waliofanya mazoezi walizidisha nguvu kwa asilimia 113, wakatembea kwa kasi zaidi na kupanda ngazi kwa uwezo zaidi. Kinywaji peke yake hakikuuondoa udhaifu. Wale wanaowanunulia wazazi wao makopo ya unga wa nguvu kwa maelfu ya shilingi na waisome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa tuingie katika lile lililotufanya tushike kalamu. Mila zetu za pwani ni mila za kumketisha mzee. Mjukuu akimwona bibi yake ameshika ndoo humkimbilia: "Bibi, wacha, nipe mimi." Bibi husema, "Ahsante mjukuu wangu, Mungu akuweke," na ndoo huondoka mkononi mwake. Ami akitaka kuketi sakafuni, vijana humsogezea kiti. Mama akiinama kuokota kijiko, binti humtangulia. Hii ni adabu, na Qur'ani imetuusia kuwafanyia wazazi wema na kuwainamishia bawa la unyenyekevu. Hakuna atakayetusikia tukiipunguza. Lakini adabu isiyofikiriwa humwondolea mzee kazi moja leo na nyingine kesho, mpaka mwili wake hauna unachodaiwa tena, na siku anapohitaji nguvu za kuinuka kutoka chooni usiku, watu wote wamelala, nguvu hizo hazipo.

Tukumbuke pia ni kazi gani zilizoondoka. Mama zetu walikaa juu ya mbuzi wakakuna nazi, kisha wakainuka kutoka chini kule bila ya kushikwa mkono. Walitwanga kwa kinu na mchi, wakavuta maji kisimani kwa kamba na ndoo. Baba zetu walikokota jarife, wakapandisha tanga, wakabeba magunia bandarini. Hatuitamani dhiki ya siku zile, na aliyeipata mashine ya kusaga nazi hatumwambii airudishe dukani. Ila kazi zile zilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeihesabu, nazo zilipokwenda zikaenda nayo, na mahali pake hatukuweka kitu.

Katika nyumba nyingi jambo hili huzua ubishi. Kaka mkubwa asema mama ameshatulea, asiguse chochote, atumikiwe. Dada, ambaye ndiye akaaye naye na kumwona akijivuta ukutani kwenda kutawadha, asema mama anazidi kulemaa. Kila mmoja asema kwa mapenzi, na kaka mara nyingi hushinda kwa kuwa maneno yake yanapendeza zaidi masikioni. Sisi twaunga mkono maneno ya dada. Mtoto mwema na amrudishie mzee wake uzito kidogo kidogo, kwa kipimo, naye asimame karibu.

Na kipimo hicho kimo jikoni tayari. Yahitajika kiti imara kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, na dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 5, lenye mkono wa kushikia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu hilo linajipima lenyewe. Ukitia lita 2, umeshika kilo 2. Ukiongeza chupa moja ya nusu lita, umeongeza nusu kilo. Hakuna chuma cha dukani kinachoweza kuzidishwa kwa utaratibu na kwa bei kama hiyo. Wale ambao lita 5 zitakuwa nyepesi kwao, na watakuwepo, watie mchanga mkavu, ambao lita yake moja hukaribia kilo moja na nusu au kuizidi.

Zoezi tunalolitanguliza ni kukaa na kuinuka. Mzee aketi karibu na ukingo wa kiti, nyayo zote zikiwa chini kwa upana wa mabega, miguu imevutwa nyuma kidogo. Ainamishe kifua mbele, aisukume sakafu kwa nyayo, asimame mpaka magoti yanyooke. Kuinuka kuwe kwa wepesi, kwa sababu zile nyuzi za ghafla ndizo tunazozitafuta. Kushuka kuwe taratibu, kwa hesabu ya tatu, bila ya kujitupa. Asiyeweza bila ya mikono na atumie mikono, au aweke mto mgumu juu ya kiti ili asishuke mbali, na baada ya wiki chache mto huo uondolewe. Akifika mara 12 bila ya taabu, alikumbatie dumu kifuani. Baada ya miezi, kiti kibadilishwe kwa kingine kilicho kifupi zaidi, kisha kwa kigoda cha jikoni. Kutoka kigodani hadi mkekani hapabaki mbali.

La pili ni kuinua kitu kutoka chini, nalo ndilo linaloogopwa zaidi, kwa kuwa kila ukoo una ami aliyeteguka mgongo kwa gunia la mchele. Mgongo huwa hatarini zaidi pale unapopindwa na kusokotwa, na mzigo ukiwa mbali na mwili. Umbo lililo salama kila Muislamu amelizoea tangu utotoni: ni umbo la rukuu. Walimu wetu wa madrasa walitusahihisha mpaka mgongo ukanyooka na kichwa kikawa sawa nao, hakikuinuliwa wala hakikuangushwa. Basi dumu liwekwe kati ya nyayo, na mwanzoni liwe juu ya kigoda lisiwe chini mno. Mzee arudishe nyonga nyuma kama anayerukuu, akunje magoti kidogo, alishike kwa mikono miwili, asimame nalo huku likipita karibu na mapaja.

Hapa tutue kidogo. Wako wanaoisifu swala kana kwamba ni mazoezi ya viungo, wakahesabu faida zake kwa misuli. Hatuipendi lugha hiyo. Swala ni ibada, na mwenye kuswali kwa ajili ya magoti yake amepoteza alichokijia. Tena hata kwa hesabu ya viungo hoja yao ina mpaka: katika rakaa 17 za faradhi, mtu huinuka kutoka chini kwenda kisimamo mara 12, na anachokiinua ni mwili wake uleule wa jana. Zoea hilo husaidia kuilinda nguvu iliyopo. Kuirudisha iliyokwisha kwenda ni kazi nyingine, na kazi hiyo yataka mzigo unaozidi.

Mikono nayo ina haki yake. Mzee asimame mbele ya ukuta, viganja ukutani usawa wa kifua, ausogeze mwili mbele na kuusukuma nyuma. Ukuta ukishakuwa mwepesi, ahamie kwenye meza nzito ya jikoni. Kisha aegemeze mkono mmoja juu ya meza hiyo, na kwa mkono wa pili alivute dumu kutoka chini mpaka ubavuni, kama avutaye kamba ya kisima. Ashike kiti na kuinuka juu ya ncha za vidole vya miguu, ashuke taratibu. La mwisho twalipenda kuliko yote kwa kuwa halifanani na mazoezi: alibebe dumu kwa mkono mmoja, mwili usiinamie upande, na atembee nalo ukumbini kutoka mlango huu hadi ule, kisha abadili mkono. Ni kazi ya kurudi sokoni na kikapu, wala si zaidi.

Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, apumzike dakika moja au mbili, kisha afanye duru nyingine, na akizoea ya tatu. Lakini tusitekwe na idadi. Lenye maana ni kwamba yale marudio mawili ya mwisho yawe magumu, uso ukunjamane, na bado mwenyewe ajue kwamba akilazimishwa angeweza kuongeza mawili mengine. Anayemaliza 12 huku akizungumza na jirani dirishani, maji na yaongezwe. Tumewaona watu wakinyanyua vyuma vidogo vya rangi ya waridi mwaka mzima, uzito uleule, kisha wakasema mazoezi hayafai wazee.

Pumzi isibanwe. Anayebana pumzi wakati wa kuinua presha yake hupanda kwa ghafla. Atoe pumzi anapoinua na aivute anaposhusha. Wengine huhesabu kwa sauti. Wengine hutaja subhanallah kwa kila kuinuka, na ulimi unaotamka hauna nafasi ya kubana pumzi.

Kuhusu siku, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umewataka wenye miaka 65 na zaidi waifanyie kazi misuli yao mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, na katika siku 3 au zaidi wafanye mazoezi yanayochanganya nguvu na uthabiti wa kusimama, mbali na dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo kama kutembea. Kwa hiyo wale wa Mama Ngina hatukuwaambia waache; tumewaongezea. Jumatatu na Alhamisi zingefaa, kwa kuwa msuli hujengeka katika siku ya mapumziko. Uthabiti nao waweza kufanywa karibu na meza ya jikoni: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, vidole vikigusa meza kidogo, au kutembea kisigino mbele ya vidole huku mkono ukifuata ukuta.

Anayetaka kujua alipo na apimwe kwa kiti. Aketi, mikono ikiwa imepishanishwa kifuani, mtu ashike saa, na katika sekunde 30 ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo. Kipimo hiki hutumiwa na wataalamu wa Marekani wa kuzuia maanguko. Kwa umri wa miaka 65 hadi 69, mwanamke aliyepata chini ya 11 na mwanamume chini ya 12 wamo chini ya wastani, na hatari yao ya kuanguka ni kubwa zaidi. Kwa 70 hadi 74 ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Kwa 80 hadi 84 ni 9 na 10. Yule bibi wa hitima alipata 6, akakasirika, akadai saa ya mjukuu wake ina kasoro, akataka arudie kesho. Hasira hiyo tuliipenda. Andikeni idadi na tarehe nyuma ya ile kalenda ya nyakati za swala iliyo ukutani, na mpime tena kila baada ya wiki 4.

Kina mama wana sababu ya ziada. Baada ya kukoma hedhi mifupa hupungua uzito upesi, nayo hujengeka inapobebeshwa. Huko Gold Coast, Australia, mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua. Kundi moja lilifanya mazoezi ya uzito mkubwa chini ya uangalizi, nusu saa mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8; la pili lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni iliongezeka kwa asilimia 2.9 katika kundi la kwanza, na katika la pili ikapungua kwa asilimia 1.2. Sisitizo letu ni katika neno uangalizi: wale walifundishwa hatua kwa hatua na mtaalamu akiwaangalia, na mwenye kuambiwa mifupa yake ni dhaifu asiruke kwenye mizigo mikubwa peke yake. Lakini tumechoka kusikia kwamba kunyanyua vizito ni mambo ya wanaume. Wala hakuna haja ya jimu iliyochanganya wanaume na wanawake. Ukumbi wa nyumba watosha, pazia likishushwa, na mabinti, wakaza wana na bibi wakafanya pamoja baada ya Alasiri.

Chakula tutalisema kwa ufupi. Msuli hujengwa kwa protini, na staftahi ya chai na mahamri haina ya kutosha. Wataalamu wa lishe ya wazee wamependekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee wa kilo 60 basi ahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 au zaidi. Mbaazi za nazi tunazozipenda zingehama kutoka upande wa mahamri zikawa ndizo chakula chenyewe, na mahamri yakawa mawili badala ya manne, tungekuwa tumefanya jambo. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila ya kauli ya daktari wake.

Na wako wengine wasioanza bila ya kauli hiyo: mwenye maumivu ya kifua au pumzi kumkatika, mwenye presha isiyoshuka kwa dawa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye ngiri, na mgonjwa wa sukari ambaye macho yake yamekwisha kuathirika. Anayechoma insulini apime sukari kabla na baada, maana mazoezi huishusha. Anayemeza dawa za presha asiinuke kwa haraka akiwa hajala wala hajanywa maji. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi si ugonjwa. Maumivu makali ndani ya kiungo, yanayochoma au yanayobaki usiku, ni ishara ya kupunguza uzito na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

Ramadhani isiwe sababu ya kuacha yote. Mwenye afya aweza kufanya duru moja tu ya kila zoezi baada ya futari kushuka, au baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu. Nguvu zilizojengwa kwa miezi hupotea upesi zikiachwa kabisa, lakini kuzilinda kwahitaji kazi ndogo kuliko ile ya kuzijenga.

Wenye nia ya Hija twawahimiza zaidi. Kila mtu huwauliza kuhusu chanjo na pasi ya kusafiria, na ni wachache wanaowauliza kuhusu mapaja. Kati ya Safa na Marwa pana takriban mita 450, na mara 7 huzidi kilomita 3, baada ya tawafu na kabla ya hapo msongamano. Huko Mina mtu hulala kwa godoro la chini na huinuka usiku kwenda chooni pasipo na ukuta wa kushika. Aliyejiandikisha na alitie maji dumu lake miezi 6 kabla ya safari. Wiki 2 hazitamfaa.

Barua tulizopokea kuhusu magoti yaliyovimba na baridi yabisi ni nyingi mno kujibiwa mwishoni mwa safu hii. Tutazichukua wiki ijayo, inshaallah. Kwa sasa wenye magoti hayo waanze na ukuta na kubeba dumu, wakalie kiti kirefu chenye mto, na watuandikie idadi waliyoipata katika zile sekunde 30.